Lars Leksell

Lars Leksell (23 Novemba 1907 – 1986) alikuwa daktari mpasuaji wa ubongo kutoka nchini Uswidi. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa upasuaji kwa mionzi, yaani njia ya kuharibu uvimbe ulio ndani ya mwili bila kutumia kisu. Njia hiyo ilianzia kwenye ubongo, lakini siku hizi mbinu zilizotokana nayo hutumika pia kutibu saratani za viungo vingine, ikiwemo saratani ndogo ya figo.

Maisha

Leksell alisomea udaktari katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm. Mwaka 1935 alianza kujifunza upasuaji wa ubongo chini ya Herbert Olivecrona. Wakati wa vita kati ya Ufini na Umoja wa Kisovyeti (1939–1940) alijitolea kwenda Ufini kuwatibu majeruhi.

Mwaka 1945 alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti wake kuhusu neva zinazoongoza misuli. Mwaka uliofuata alihamia Lund, alikofanywa profesa mwaka 1958. Mwaka 1960 alirudi Stockholm kushika nafasi ya Olivecrona, akastaafu mwaka 1974.

Alifariki nchini Uswisi akiwa matembezini katika milima ya Alpi. Alikuwa na umri wa miaka 78.

Kazi

Wakati wa ujana wake, kufungua fuvu la kichwa kulikuwa na hatari kubwa, na wagonjwa wengi walikufa kwa kutokwa damu au kwa maambukizi. Leksell alitafuta njia ya kufikia sehemu za ndani za ubongo bila kuumiza zilizo juu yake. Mwaka 1949 alitangaza kifaa chenye umbo la tao kinachofungwa kwenye kichwa cha mgonjwa. Kwa kifaa hicho daktari aliweza kupima mahali penye ugonjwa na kupafikia kutoka upande wowote, kwa kuwa kila njia iliishia kwenye kitovu cha tao.

Mwaka 1951 alipendekeza kutumia mionzi badala ya sindano. Mwale mmoja dhaifu haudhuru sana tishu unazopita, lakini miale mingi ikikutana kwenye nukta moja, nukta hiyo hupata dozi kubwa. Kwanza alitumia eksirei, kisha miale ya protoni akishirikiana na mwanafizikia Börje Larsson wa Uppsala. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikamilisha mashine iliyoitwa Gamma Knife, iliyokuwa na vyanzo 179 vya kobalti. Ya kwanza iliwekwa katika hospitali ya Sophiahemmet, Stockholm.

Urithi

Kichwa kinaweza kufungwa kisitikisike, lakini figo husogea kila mtu anapopumua. Tatizo hilo lilishughulikiwa Karolinska miaka ya 1990, baada ya kifo cha Leksell, na Ingmar Lax na Henric Blomgren. Walitengeneza fremu ya kushikilia mwili mzima na kupunguza mwendo wa viungo, ili miale ilenge uvimbe wa mapafu, ini na hata figo.

Kwa muda mrefu saratani ya figo ilihesabiwa kuwa sugu kwa mionzi, kwa sababu dozi ndogondogo za kila siku hazikuimaliza. Dozi kubwa iliyolengwa vizuri ilibadilisha maoni hayo. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2024, wagonjwa 70 wa Australia na Uholanzi ambao hawakufaa kupasuliwa, au walikataa, walitibiwa kwa njia hii. Wenye uvimbe usiozidi sentimita 4 walipata dozi moja tu, na wengine tatu. Baada ya mwaka mmoja hakuna uvimbe uliotibiwa ulioonekana kuendelea kukua.

Upasuaji bado ndio tiba ya kawaida. Hata hivyo mzee mwenye moyo dhaifu, au mtu aliyebaki na figo moja, anaweza kutibiwa bila kupasuliwa.