Adriano Atiman: Mtoto wa Niger, Tabibu wa Karema



Nassa ni mahali ambapo watu wengi hupita. Barabara ya Mwanza hadi Musoma inapita hapa, na Ghuba ya Speke iko karibu kiasi kwamba upepo wa ziwa unatufikia tukiwa mezani. Wapo waliokuja kwa ajili ya pamba, wapo waliokuja kwa ajili ya samaki, na wapo waliokuja kwa ajili ya Injili. Wengine walikaa mwezi mmoja wakaondoka. Wengine walijifunza kuitikia salamu ya mwangaluka, wakazoea ugali na michembe, wakazeeka pamoja nasi. Sisi nasi tunaojiandaa kwa upadri tunajua kwamba siku moja tutapangiwa kituo, na huenda kikawa mbali na mahali tulipozaliwa. Hapo ndipo swali linapotujia: je, mtu anaweza kuwa nyumbani katika nchi mbili?

Ili kulijibu swali hilo, tumechagua kusimulia maisha ya mlei mmoja, Daktari Adriano Atiman. Jina lake linajulikana. Hospitali ya jimbo kule Sumbawanga inaitwa kwa jina lake, na jijini Dar es Salaam iko Nyumba ya Atiman ya Mapadri Weupe, moja ya majengo ya kale kabisa ya jiji lile. Lakini wengi wetu tumelitamka jina hilo bila kujua lilitoka wapi. Lilitoka mbali sana.

Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866, katika nchi ambayo leo tunaiita Mali, kwenye kingo za mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu. Watu wa kule wanaishi kwa mto kama sisi tunavyoishi kwa ziwa. Wanavua, wanapanda mpunga na mtama pale maji yanapopungua, wanachunga mifugo, na watoto wao wanajua kuogelea kabla hawajajua kuhesabu. Mtoto wa Nassa akipelekwa kule leo angeona mitumbwi, nyavu zimeanikwa na akina mama wamebeba ndoo, asijione mgeni kabisa.

Akiwa bado mtoto mdogo, Atiman alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa wa Kituareg. Hakuaga mtu. Alivushwa Jangwa la Sahara, safari ambayo watu wazima wengi hawakuimaliza, mpaka akafika Metlili, mji wa kusini mwa Algeria. Huko aliuzwa kama mali. Mwaka 1876, alipokuwa na umri wa miaka kama kumi hivi, Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakampeleka kaskazini, karibu na Algiers, walikokuwa wakiwalea watoto wengine wa aina yake.

Hapa inafaa tutulie kidogo. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1876, mapadri watatu wa shirika lile, Paulmier, Menoret na Bouchand, waliuawa jangwani wakiwa njiani kwenda Timbuktu. Walikuwa wanaelekea nchi ya Atiman, wasifike. Mtoto wa nchi hiyo naye alikuwa ametolewa kwao kwa nguvu, asijue kama atarudi. Njia mbili zilipishana kwenye mchanga. Sisi tunaotafuta mkono wa Mungu katika mambo tusifanye haraka kusema kwamba Mungu alipanga utumwa ili apate daktari. Utumwa ulikuwa dhambi, na uliendelea kuwa dhambi hata pale Mungu alipotoa jema baada yake. Mama aliyebaki kando ya mto Niger alimpoteza mtoto wake, na hakuna hospitali inayofuta machozi yale.

Mwanzilishi wa Mapadri Weupe, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo ambalo kwa wakati ule lilikuwa geni. Aliona kwamba wazungu peke yao hawataweza kuinjilisha Afrika, tena wengi wao walikuwa wanakufa kwa homa mapema mno. Akataka Waafrika waliokombolewa wasomeshwe udaktari, kisha waende wakawe madaktari na makatekista kwa wakati mmoja, wakiishi na watu, wakioa, wakijenga nyumba kama wengine. Kwa ajili hiyo alifungua chuo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, na Atiman alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa huko.

Alisoma Malta miaka saba. Fikirini kijana huyo: lugha ya mama yake ni ya mto Niger, lugha ya waliomkamata ni nyingine, ya mapadri ni Kifaransa, na sasa amekaa kisiwani Ulaya akijifunza mifupa na mishipa ya mwili wa binadamu. Alikuwa amebatizwa na kuitwa Adriano, lakini jina la Atiman hakuliacha. Ni jambo dogo, na kwetu lina uzito. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alibaki na jina, akalibeba hadi kaburini, na leo liko kwenye kibao cha hospitali.

Mwaka 1888 alimaliza masomo, akaanza safari ya kuja kwetu. Kutoka Zanzibar na pwani, msafara ulipanda kwa miguu kuelekea bara, siku baada ya siku, wapagazi wakiwa na mizigo kichwani. Miezi ile pwani ilikuwa imechafuka kwa vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1889 Atiman alifika Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Karema ilikuwa ngome iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, kisha mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa wamisionari. Kwa msomaji wa kanda hii, ni vizuri kukumbuka kwamba misheni za Ziwa Tanganyika na zile za ziwa letu ni ndugu wa tumbo moja. Msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe wa mwaka 1878 uligawanyika Tabora: kundi moja likaenda Ujiji, kundi jingine likaja Kageye, hapa kwetu upande wa Magu, ili livuke kwenda Uganda.

Atiman alikuta nini Karema? Alikuta watoto wanaofanana na yeye. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea kuzunguka Ziwa Tanganyika, na misheni ilikuwa imejaa yatima na watoto waliokombolewa, wasiojua wazazi wao wako wapi. Mapadri waliwahurumia watoto wale kwa moyo wa kibaba. Atiman aliwafahamu kwa ndani, kwa sababu kamba ile ilishawahi kufungwa kwake yeye mwenyewe. Tunadhani hapo ndipo safari yake ilipopata maana. Umbali kati ya Niger na Tanganyika ni wa miezi mingi kwa miguu, lakini kilio cha mtoto aliyenyakuliwa ni kilekile.

Hakukaa pembeni kama mgeni. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende, wenyeji wa nchi ile. Kwa ndoa hiyo alipata wakwe, mashemeji na wazee wa kumwonya. Mtu akishakuwa na wakwe mahali, hawezi tena kusema kwamba anapita tu. Wakampata mtoto wa kiume, Yosefu, na mtoto huyo akawa padri mwaka 1923. Hebu tazameni: baba aliuzwa sokoni jangwani, na mwana akasimama altareni kuwabariki watu wa nchi ambayo baba yake aliifikia akiwa mtu mzima.

Kazi zake za kila siku hazikuwa za ajabu, na ndizo zilizomfanya awe mtu wa Karema. Wagonjwa walikuwa wanamngoja. Palikuwa na vidonda, homa, macho, wanawake wenye uchungu mgumu, watu waliojeruhiwa na wanyama, na ndui ilipotokea, palikuwa na hofu ya kijiji kizima. Ugonjwa wa malale nao ulifika kwenye kingo za Tanganyika mwanzoni mwa karne ya ishirini, ukawaua wengi. Dawa za Ulaya zilichukua miezi mingi kufika, na mara nyingine hazikufika. Kwa hiyo alijifunza mizizi na majani ya wenyeji, akawasikiliza waganga wa mitishamba, akachagua kile kinachoponya na kuacha kile kinachodhuru. Daktari aliyesoma Malta hakuona aibu kufundishwa na bibi wa Kibende anayejua mti gani unatuliza tumbo. Jioni aliyekuwa tabibu akawa katekista, akifundisha imani kwa watu walewale ambao asubuhi alikuwa amewasafisha vidonda.

Maisha ya namna hiyo hayana kelele. Ni kuamka, kusali, kufungua mlango wa dispensari, kula ugali kwa migebuka wa ziwa, kwenda kwa mgonjwa asiyeweza kutembea, kurudi usiku. Kesho yake ni vilevile. Aliyafanya hayo miaka 67. Wajerumani walitawala, wakaondoka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji walivuka ziwa, kisha Waingereza wakashika nchi. Maaskofu walikuja wakazikwa, mapadri vijana walifika wakafa kwa homa. Atiman alibaki. Kanisa na serikali vilimpa nishani kwa utumishi wake. Lakini kwa mama wa kijijini Karema aliyekuwa na mtoto anayeungua homa, nishani haikuwa na maana. Alichotaka kujua ni kama Atiman yupo, na Atiman alikuwepo.

Je, aliisahau Niger? Hatuamini hivyo. Katika uzee wake aliandika mwenyewe habari za maisha yake, na masimulizi hayo yanaanzia pale alipozaliwa, mtoni, kabla ya kukamatwa. Mtu asiyejali kwao haanzii huko. Hakurudi kuishi kwa watu wake, na pengine jeraha hilo halikufunga kamwe. Ila alifanya jambo ambalo ni gumu kuliko kusahau: alikumbuka nchi moja na kuipenda nyingine, bila kuifanya moja iwe adui wa nyingine. Wako watu wanaohamia mahali wakakaa miaka thelathini huku sanduku liko mlangoni, kila siku wanalinganisha chakula cha hapa na cha kwao. Wako pia wanaoona aibu kutaja kwao. Atiman hakuwa wa kundi lolote kati ya hayo mawili.

Tukiwa wakweli, lipo swali moja linalotusumbua. Je, alikuwa huru kuchagua? Alinunuliwa akiwa mtoto, akalelewa na wale waliomnunua, akasomeshwa kwa kusudi lao. Ni haki kuuliza hivyo. Jibu letu ni kwamba mwanzo wa maisha yake haukuwa hiari yake, lakini miaka 67 haiwezi kuishiwa kwa kulazimishwa. Alikuwa na elimu ambayo ingempatia maisha mepesi zaidi kwenye miji ya pwani. Kila asubuhi alipofungua mlango kwa wagonjwa alikuwa anachagua upya. Uhuru wake aliupata hivyo, kidogo kidogo, kama mtu anayelipa deni ambalo si lake mpaka nyumba ikawa yake.

Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Mwaka huohuo ndipo Shinyanga ilipofanywa jimbo, chini ya Askofu Edward McGurkin, Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Mwafrika aliyetoka mbali alikuwa anamaliza kazi upande wa magharibi, na wageni wengine kutoka mbali zaidi walikuwa wanaanza kwetu, wakijifunza Kisukuma neno moja moja na kuchekwa na watoto.

Ndugu zetu waseminari, na ninyi wazazi mnaotutuma, mafundisho tunayoyapata ni mepesi kuyasema. Nyumbani kwa pili hakupatikani kwa barua ya uhamisho. Kunapatikana kwa kujifunza lugha, kwa kula kinacholiwa, kwa kukubali kufundishwa na wenyeji, na kwa kuwepo siku ambayo mgonjwa anabisha hodi. Na nyumbani kwa kwanza hakupotei kwa sababu ya mbali. Sisi tunaotoka Nassa, tukipelekwa kokote, tutaubeba upepo wa ghuba hii. Tumwombe Mungu atujalie kwamba huko tutakakofika, siku moja watu watusahau kama wageni na watukumbuke kama jirani, kama walivyomkumbuka Adriano Atiman.