Kitchener na Chuo cha Khartoum

Herbert Kitchener alizaliwa Ireland mwaka 1850. Akawa askari mwenye ujuzi wa kupima nchi na kuchora ramani, tena akajifunza Kiarabu. Mwaka 1885 alitumwa Unguja kuwa mjumbe wa Uingereza katika kazi ya kupima milki ya Sultani pwani.

Mwezi wa Januari mwaka huo huo Jemadari Gordon aliuawa mjini Khartoum na majeshi ya Mahdi. Miaka 13 baadaye Kitchener aliongoza jeshi la Waingereza na Wamisri kuiteka Sudan. Tarehe 2 Septemba 1898, penye Omdurman, Wasudani wapatao 10,000 walikufa kwa mizinga na bunduki. Kisha kaburi la Mahdi likabomolewa kwa amri yake, na mifupa ikatupwa katika mto Nile. Hata Uingereza wengi walichukizwa, na ilikuwa haki yao kuchukizwa.

Basi mtu huyu huyu, kabla mwaka haujaisha, aliwaandikia Waingereza waraka, akiomba pauni 100,000 za kujenga chuo Khartoum kwa jina la Gordon, wasomeshwe watoto wa wale aliowashinda. Nchi ilikuwa imechoka kwa vita na njaa. Kodi isingetosha kulipa waalimu. Kwa hiyo aliamua kwamba pauni 10,000 zitumike kuanzia kazi, na 90,000 ziwekwe zizae, chuo kiishi kwa faida yake. Ni kama mtu aliyepewa ng'ombe kumi: amchinja mmoja, na tisa awaacha wazae, watoto wapate maziwa kila mwaka.

Tena aliahidi kwamba dini ya watu haitaguswa. Wamisheni wengine hawakupendezwa. Lakini pasipo ahadi hiyo, ni Mwislamu gani angalimpeleka mwanawe?

Fedha zilipatikana upesi. Januari 1899 Lord Cromer aliweka jiwe la msingi, na mwaka 1902 Kitchener mwenyewe alikifungua chuo. Kwa miaka mingi kilikuwa shule tu, kikitoa makarani, waalimu na mafundi waliotakiwa na serikali.

Kitchener alikufa maji tarehe 5 Juni 1916, meli yake ilipozama karibu na visiwa vya Orkney. Mwaka 1956, Sudan ilipopata uhuru, chuo kikawa Chuo Kikuu cha Khartoum. Aprili 2023 vita vilizuka tena mjini humo. Wanafunzi wakatawanyika, na majengo yakaharibika.