Songea Mbano: nduna aliyeupa mji jina lake

Jina lake limeandikwa kwenye vioo vya mabasi yatokayo Dar es Salaam, kwenye mihuri ya ofisi za serikali na kwenye vyeti vya kuzaliwa vya maelfu ya Watanzania. Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, ni miongoni mwa miji ya Tanzania inayoitwa kwa jina la mtu, na mtu huyo alinyongwa na serikali ya kikoloni ya Kijerumani katika mji huohuo, mwaka 1906.

Vitabu vya shule humtaja Nduna Songea Mbano kama shujaa wa Wangoni katika vita vya Majimaji. Ni kweli, lakini maelezo hayo yanaacha mengi. Katika makala haya tunayafuata maisha yake kwa kuangalia jambo ambalo halisemwi sana kwenye sherehe: nani alihesabiwa kuwa Mngoni wakati wake, nani alifaidika na hesabu hiyo, na serikali zilizofuata ziliifanyia nini.

Mngoni mwenye asili ya mbali

Wangoni wa Songea hawakutoka mahali pamoja. Chimbuko lao ni vita vya kusini mwa Afrika enzi za Shaka Zulu, vilivyowafukuza watu wengi kuelekea kaskazini. Kundi lililoongozwa na Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, na njiani lilikuwa likimeza watu wa kila nchi lililopita: Wakaranga wa Zimbabwe ya leo, Wansenga, Watumbuka na wengine. Ukoo wa Mbano ulitokana na hao Wakaranga. Kwa maneno mengine, mtu ambaye leo ndiye sura ya Ungoni alitoka katika ukoo uliochukuliwa njiani.

Zwangendaba alifariki Ufipa mwishoni mwa miaka ya 1840 na watu wake wakagawanyika. Waliokuja upande wa mto Ruvuma waliwakuta Wangoni wengine, Wamaseko, wakawafukuza katika miaka ya 1860. Zikazaliwa falme mbili. Kaskazini ilikuwa Mshope, ambayo baadaye ilitawaliwa na Chabruma. Kusini ilikuwa Njelu, chini ya ukoo wa Gama.

Songea alikuwa nduna, yaani jemadari na mtawala wa eneo, katika Njelu. Hakuwa wa ukoo wa kifalme na hakuwahi kuwa nkosi. Lakini Njelu haikuwa nchi ambayo kila kitu kiliamuliwa ikulu. Nduna aliyejua kupigana alirudi na mateka, mateka walimlimia na kumpigania, na watu wakiongezeka ndipo nguvu yake ilipoongezeka. Kwa njia hiyo Songea alifikia kuwa nduna mwenye nguvu kuliko wote, na jina lake likajulikana hata kwa wafanyabiashara wa misafara ya pwani waliofuata pembe na watumwa.

Wasutu walikuwa wengi

Hapa inafaa tusimame kidogo. Wapangwa, Wandendeule, Wamatengo, Wabena, Wanindi na Wayao waliotekwa au kutawaliwa waliitwa sutu. Mtoto wa kiume aliyetekwa akiwa mdogo alikulia kwenye nyumba ya bwana wake, akapewa ngao, akaingia kikosini, na akifanya vizuri vitani angeweza naye kupata watu wake. Mlango wa kuwa Mngoni ulikuwa wazi, na ukoo wa Mbano wenyewe ulipita mlango huo.

Lakini mlango kuwa wazi si sawa na usawa. Wengi wa sutu walibaki kulima mashamba ya wakubwa na kutoa mazao, na waliouzwa kwa misafara hawakurudi. Kilichounganisha jamii ile kilikuwa mgawo wa mapato ya vita, na mgawo huo ulikuwa na wenye kisu kikali na wenye kisu butu. Hata lugha inatuambia nani walikuwa wengi: Kingoni kinachozungumzwa Songea leo kina maneno machache tu ya kusini. Sehemu kubwa ni lugha ya wenyeji. Walioshinda kwa mikuki walishindwa nyumbani, maana watoto hufuata lugha ya mama.

Boma la mwaka 1897

Mwaka 1897 Luteni Engelhardt alifika na askari, akawaita watawala wa Kingoni kwenye mkutano. Walifika, wakazingirwa na bunduki, wakalazimishwa kuukubali utawala wa Kijerumani. Boma likajengwa karibu na makazi ya nduna huyo, na Wajerumani wakaliita kwa jina lake.

Sera iliyofuata iligusa mfuko wa watawala moja kwa moja. Uvamizi ulipigwa marufuku, mateka wakaachiwa, na nduna hakuruhusiwa tena kuamua kesi kubwa. Badala yake ikaja kodi ya kibanda na kazi za lazima. Mateka wa zamani alipata nafuu upande mmoja na mzigo mpya upande mwingine. Nduna alipata mzigo tu. Wamisionari Wabenediktini waliofungua kituo Peramiho mwaka 1898 nao waligusa mengine: padri mmoja aliichoma nyumba ya mahoka, mizimu ya wakubwa wa Njelu, na Nkosi Mputa Gama hakulisahau jambo hilo.

Ndiyo maana tunasita tunaposoma kwamba Majimaji ilikuwa vita vya pamba. Umatumbi, ilikoanzia Julai 1905, pamba ya lazima ilikuwa chanzo kikubwa. Ungoni ilikuwa na hesabu zake.

Maji yafika Ungoni

Dawa ya maji ililetwa na mjumbe aliyeitwa Kinjala, akapokelewa Kitanda na Nkomanile, mwanamke aliyekuwa mtawala wa eneo hilo. Mputa, Chabruma na Songea wakaikubali, na falme mbili zilizokuwa zikitazamana kwa jicho la pembeni zikasimama pamoja. Misheni ya Peramiho ilichomwa Septemba 1905. Tarehe 21 Oktoba, Kapteni Nigmann aliyetoka Iringa aliivamia kambi ya Wangoni huko Uwereka kwa bunduki za rashasha. Maji hayakuzuia risasi.

Baada ya Uwereka tofauti ya zamani ilijitokeza. Wengi wa sutu waliacha mapigano mapema, wakati manduna waliendelea. Hatuoni sababu ya kuwaita waliorudi nyumbani wasaliti. Mtu aliyekuwa akilima shamba la nduna hakuwa na deni la kufa ili nduna arudishiwe mateka wake. Hata hivyo wapo waliobaki hadi mwisho, na miongoni mwa walionyongwa Nkomanile anakumbukwa kama mwanamke pekee.

Songea aliingia msituni. Mapango ya Chandamali, nje kidogo ya mji, yanaonyeshwa hadi leo kama maficho yake. Wajerumani waliamua kutumia njaa: vyakula vilichomwa na mashamba yakaharibiwa. Tarehe 27 Februari 1906 watu zaidi ya 60, akiwemo Nkosi Mputa, walinyongwa na kuzikwa katika kaburi moja. Masimulizi ya Songea yanasema Wajerumani walitaka kumwacha hai nduna kwa sababu ya heshima yake, naye akakataa kubaki baada ya wenzake. Alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa kaburi la peke yake, na familia yake inasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Walichorithi wajukuu

Katika eneo zima la Majimaji, makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, hufikia watu 300,000. Waingereza walipokuja walitaka kutawala kupitia machifu wa makabila, na hapo mlango tuliousema ukafungwa: Mngoni akaandikwa Mngoni, Mndendeule akawekwa chini yake. Wandendeule walidai mamlaka yao kwa miaka mingi. Wakati huohuo vijana wa pande zote mbili walikuwa wakisafirishwa kama manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na hukohuko mashambani mgawo wao ulikuwa mmoja. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936 kuuza tumbaku, kilikuwa moja ya nafasi chache za kupata fedha bila kuondoka nyumbani.

Baada ya uhuru serikali iliondoa utawala wa machifu, na sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kumwuliza Mtanzania kabila lake. Katika miaka ya 1970 ikaja bei moja ya mazao kwa nchi nzima, na mkulima wa Songea, aliye mbali na soko la Dar es Salaam, akalipwa mahindi yake sawa na aliye karibu. Bei hiyo haikudumu, kwa kuwa gharama za usafiri zilibebwa na serikali, lakini wazee wa Ruvuma wanaikumbuka.

Songea Mbano naye akafanywa shujaa wa taifa. Makaburi na Makumbusho ya Majimaji hupokea wageni kila tarehe 27 Februari, na timu ya mpira ya mji ilipewa jina la Majimaji. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho hayo, akakutana na wajukuu wa ukoo wa Mbano na kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Wajukuu walimwomba kichwa cha babu yao, naye akaahidi kusaidia kukitafuta.