Pierre Curie: Alipima sumaku hafifu, vipimo vyake vikafika shambani

WENGI wakisikia jina la Curie humkumbuka Marie, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel. Mumewe, Pierre, hutajwa kwa kupita tu. Lakini kwa mkulima ambaye shamba lake liko karibu na kiwanda, kazi aliyoifanya Pierre kabla ya umaarufu huo ina manufaa makubwa.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, Mei 15, 1859. Baba yake, aliyekuwa daktari, hakumpeleka shule; alisomea nyumbani, na akiwa na miaka 18 tayari alikuwa na shahada ya sayansi. Fedha za kuendelea na masomo hazikuwepo, hivyo akaajiriwa maabara. Mwaka 1880 yeye na kaka yake Jacques waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme.

Kuanzia 1882 alifanya kazi katika shule ya fizikia na kemia ya viwanda jijini Paris. Mshahara ulikuwa mdogo na maabara ya kwake hakuwa nayo. Hata hivyo, alitengeneza mzani wenye uwezo wa kupima mvuto mdogo mno wa sumaku, akawa anapasha vitu moto huku akiangalia mvuto huo unavyobadilika.

Matokeo yake yalitoka mwaka 1895 katika utafiti wa shahada ya udaktari. Alionyesha kwamba vitu vinavyovutwa sana na sumaku hupoteza nguvu hiyo vikifikia joto fulani, na kila kitu kina joto lake. Chuma hufika nyuzi 770 hivi za Selsiasi. Magnetaiti, ile oksidi nyeusi ya chuma, nyuzi 580 hivi. Joto hilo huitwa joto la Curie hadi leo.

Mwaka huohuo alimwoa Marie, mzaliwa wa Poland. Mwaka 1898 wakagundua poloniamu na radiamu, na mwaka 1903 wakatunukiwa Nobel pamoja na Henri Becquerel. Hawakuchukua hataza ya namna ya kutenga radiamu, ingawa wenye viwanda walikuwa wakiitaka. Mfanyabiashara atasema walipoteza mali, na kwa hesabu ya fedha ni kweli. Aprili 19, 1906 Pierre aligongwa na mkokoteni wa farasi katika mtaa wa Paris, akafa papo hapo akiwa na miaka 46.

Faida kwa kilimo ilikuja muda mrefu baadaye. Makaa ya mawe huwa na madini ya chuma na salfa, na yakichomwa kwenye tanuri chuma hicho hugeuka magnetaiti. Hutoka na moshi kama chembe ndogo za duara na kutua mashambani, mara nyingi zikifuatana na metali kama risasi na zinki. Katika Upper Silesia, eneo la migodi na viwanda kusini mwa Poland, nchi ya Marie, watafiti walipita na vifaa vya sumaku wakachora ramani ya udongo ulioathirika. Kipimo kimoja huchukua sekunde chache, wakati uchunguzi wa kemia wa sampuli moja huhitaji muda na gharama.

Tatizo ni kwamba sumaku haitofautishi vyanzo vyote yenyewe. Udongo wa volkano, kama ule wa miteremko ya Kilimanjaro, una magnetaiti ya asili. Hata moto wa kuchoma mabaki ya mazao huweza kuongeza sumaku ya udongo wa juu. Kwa hiyo hupimwa tabaka kwa tabaka: vumbi la viwanda hukaa juu, na kipimo hushuka kadri unavyochimba, chuma cha mwamba huendelea hadi chini. Kisha sampuli hupashwa moto: sumaku ikipotea karibu na nyuzi 580, magnetaiti imethibitika. Chembe za duara zikionekana kwenye hadubini, mashaka huelekea kwenye dohani.

Kiasi cha risasi bado lazima kipimwe kwa kemia, kwa kuwa risasi yenyewe haivutwi na sumaku. Ila sasa mpimaji anajua achimbe wapi, na mkulima hailipii maabara kwa kubahatisha.