KARL SCHWARZSCHILD, MTAALAMU WA NYOTA

Karl Schwarzschild alizaliwa mjini Frankfurt, Ujerumani, tarehe 9 Oktoba, 1873, katika nyumba ya Kiyahudi, naye ndiye kifungua mimba. Alipokuwa na miaka 16, makamo ya wengi wetu hapa shuleni, alikuwa amekwisha kuandika makala mbili juu ya nyota pacha, jinsi zinavyozungukana, nazo zikachapishwa. Mwaka 1901 akawa mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota ya Göttingen, na mwaka 1909 ile ya Potsdam.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 alikuwa amepita miaka 40, lakini alijitolea kwenda. Alipelekwa Ubelgiji, Ufaransa na Urusi, akapima hali ya hewa na kupiga hesabu za mizinga. Ndiyo vita ile ile iliyofika hata Ufipa, ambako Wajerumani walikuwa na ngome yao ya Bismarckburg, yaani Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika.

Novemba, 1915, Albert Einstein alitoa kanuni mpya za nguvu ya uvutano. Zilikuwa ngumu mno, hata yeye mwenyewe alipata jibu la kukadiria tu. Schwarzschild, akiwa huko huko vitani, alipata jibu kamili kabla ya mwaka kwisha, akampelekea Einstein kwa barua.

Ndani ya jibu hilo mlikuwa na jambo la ajabu. Kila kitu chenye uzito kina mpaka wake. Kikisongwa kikawa kidogo kuliko mpaka huo, hata mwanga hauwezi kutoka. Jua lingepaswa kusongwa mpaka liwe na upana wa kilomita 6 tu. Dunia nzima, pamoja na milima ya Mbizi na Ziwa Rukwa, ingekuwa kama gololi ya kuchezea! Kitu cha namna hiyo leo huitwa shimo jeusi, jina ambalo yeye hakulisikia kamwe; kwake mpaka ule ulikuwa jambo la hesabu tu.

Vitani alipatwa na ugonjwa wa malengelenge ya ngozi, wenye maumivu makali, ambao siku zile haukuwa na dawa. Alirudishwa nyumbani Machi, 1916, akafa tarehe 11 Mei akiwa na miaka 42. Aliacha mjane na watoto watatu. Haukupita mwezi, Waingereza wakaiteka Bismarckburg.

Hesabu yake ilingoja miaka mingi. Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini karibu na Malindi, ikipeleka angani chombo cha Wamarekani cha kupokea eksirei za nyota. Chombo hicho kiliitwa Uhuru. Kilionyesha kwamba eksirei za mahali paitwapo Cygnus X-1 hubadilika upesi mno, dalili ya kitu kidogo sana. Wataalamu walipopima nyota inayozungukana nacho, waliona kwamba kina uzito mkubwa kuliko jua mara nyingi. Leo hukadiriwa kuwa mara 21 hivi. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho wataalamu wengi walikikubali kuwa shimo jeusi.

Mwanawe Martin, ambaye hakuwa ametimiza miaka 4 baba yake alipofariki, naye alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa nyota, huko Marekani.