Maisha ya Florence Nightingale (1820–1910)

Florence Nightingale anakumbukwa mahali pengi ulimwenguni kama mama wa uuguzi wa kisasa. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, naye akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Baba yake alimfundisha mwenyewe lugha na historia, naye binti akapenda mno hesabu. Mwezi Februari 1837, akiwa na umri wa miaka 16, alisadiki kwamba Mungu amemwita kumtumikia. Hata hivyo, jamaa zake walimpinga kwa miaka mingi, kwa kuwa siku hizo kazi ya kuuguza ilidharauliwa na haikuhesabiwa kuwafaa mabinti wa nyumba za heshima.

Mlango ulifunguka huko Kaiserswerth, kando ya mto Rhine, Ujerumani. Mahali hapo, mwaka 1836, Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walikuwa wameanzisha nyumba ya mashemasi wa kike, ambao walifundishwa kuhudumia wagonjwa na maskini. Nightingale alifika kwanza mwaka 1850, akarudi mwaka 1851 na kukaa kwa muda wa miezi mitatu. Baadaye hakuficha kwamba usafi na uuguzi wa huko ulikuwa na upungufu, lakini alikiri daima kwamba moyo wa kujitoa wa masista wale ulikuwa wa pekee.

Mwezi Oktoba 1854, wakati wa Vita vya Krimea, waziri Sidney Herbert alimwomba aende Scutari, ng'ambo ya Constantinople. Aliondoka na wauguzi 38, miongoni mwao masista 10 wa Kikatoliki na 14 wa Kianglikana. Madaktari wa jeshi hawakuwataka. Nightingale hakushindana nao. Aliwazuia wauguzi wake wasiguse mgonjwa ye yote mpaka madaktari wenyewe wawaombe. Siku chache baadaye majeruhi walifurika, na maombi hayo yakaja.

Aliwapatia askari chakula bora, mashuka na nguo safi. Walakini vifo viliongezeka. Mwezi Februari 1855 walikufa takribani 42 kati ya kila wagonjwa 100. Mwezi Machi tume ya afya ilifika kutoka Uingereza, ikasafisha mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya hospitali, ikaingiza hewa safi na kupaka kuta chokaa. Kufikia mwezi Juni vifo vilishuka hadi takribani 2 katika 100.

Aliporudi nyumbani mwaka 1856, taifa zima lilimsifu. Yeye mwenyewe aliamini kwamba askari waliangamizwa na njaa, baridi na kuchelewa kuletwa hospitalini. Ndipo alipozichunguza hesabu pamoja na mtakwimu William Farr, akaona jambo zito: uchafu wa hospitali aliyoihudumia ulikuwa umewaua wengi. Angeweza kunyamaza na kubaki na sifa zake. Badala yake aliziweka takwimu hizo katika michoro ambayo hata asiye mtaalamu aliweza kuielewa, akazipeleka mbele ya wakubwa wa nchi ili jeshi litengenezwe upya. Mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika Chama cha Takwimu cha London.

Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London, kwa fedha zilizochangwa na wananchi. Ingawa aliugua kwa miaka mingi, aliendelea kuandika na kushauri akiwa chumbani mwake. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Jamaa zake hawakukubali azikwe kwa fahari katika Westminster Abbey. Alizikwa kijijini East Wellow.

Kutoka katika shina lile lile la ushemasi wa Kijerumani walitoka masista waliokuja kuuguza katika milima ya Usambara. Kanisa halina budi kumshukuru Mungu kwa mtumishi huyu, aliyefundisha kwamba huruma kwa mgonjwa huenda pamoja na elimu, ushirikiano na ujasiri wa kukubali ukweli, hata ukweli huo unapomhukumu mtumishi mwenyewe.