Joseph Hill: Sauti ya Culture isiyosahaulika Eastlands

WAPENZI wa rege wanaohifadhi santuri katika mitaa kama Buruburu na Dandora, jijini Nairobi, ni nadra kuisahau Two Sevens Clash, albamu ya kwanza ya kundi la Culture iliyotolewa mwaka wa 1977.

Kiongozi wa kundi hilo, Joseph Hill, alizaliwa Januari 22, 1949 huko Linstead, Jamaika. Alikuwa mpiga ngoma wa Soul Defenders kabla ya kuunda Culture mwaka wa 1976 pamoja na Albert Walker na Kenneth Dayes.

Kibao kilichoipa albamu jina kilitokana na utabiri uliohusishwa na Marcus Garvey, kwamba saba zitakapokutana, Julai 7, 1977, kutazuka ghasia. Siku hiyo wakazi wengi wa Kingston walijifungia majumbani na maduka yakafungwa. Ghasia hazikutokea, lakini wimbo ulivuma hadi Uingereza.

Kisha Hill alirekodi chini ya Sonia Pottinger, mwanamke katika fani iliyotawaliwa na wanaume. Hapo ndipo ilipotoka Harder Than the Rest (1978), albamu inayostahili sifa kuliko inazopewa. Wenzake walijitenga naye mapema miaka ya 1980, wakarudiana mwaka wa 1986.

Agosti 19, 2006, akiwa na umri wa miaka 57, Hill alifariki ghafla mjini Berlin, Ujerumani, akiwa ziarani. Mwanawe, Kenyatta, aliyekuwa fundi wa mitambo ya sauti, alishika maikrofoni na kuikamilisha ziara ya babake.